Siku Nne za Mahajanga

Wako wazee Andoany, mji wa kwetu kisiwani Nosy Be, ambao mpaka leo wakinitaja husema, yule ndiye aliyekuwa akiwaamini vijana wake. Sifa hizo hunifikia huku Unguja nilikohamia, na kila zikinifikia mimi hununa, mke wangu akabaki kushangaa mtu gani huyu akisifiwa anakasirika. Basi leo acha niseme. Nimenyamaza vya kutosha. Wengi waliokuwepo wameshatangulia, na mimi mwenyewe sasa nikipanda ngazi ya msikiti napumzika mara mbili.

Nilikuwa mpima mizigo katika ghala la forodha pale Andoany, enzi za Mfaransa. Asubuhi kabla ya kazi nilisomesha watoto Kurani barazani kwangu, ndiyo maana watu wakaniita fundi. Kwetu fundi ni mwalimu wa chuo, si mwashi wala seremala. Majumbani tukisema Kibuki, lugha ya wenyeji, na wazee wetu wa Kingazija wakisema chao. Kiswahili kilikuwa cha vitabu vya dini na cha watu wa biashara. Hiki ninachoandikia nimekinyoosha huku ugenini. Elimu yangu ilikuwa ndogo, sifichi. Nilihitimu Kurani, nikaanza fikihi, nikafika katikati ya mlango wa sala, baba akafariki nikaenda kubeba magunia. Lakini mtu akiitwa fundi kila siku, mwishowe naye hujiona ni fundi.

Jioni nilisimamia timu ya mpira ya vijana wa Kiislamu wa Andoany na Ambanoro. Huko ndiko lilikotoka jina langu. Wasimamizi wengine walikuwa wakikimbia ukingoni mwa uwanja wakitukana, mimi nilikaa kimya nimekunja mikono. Mchezaji akiharibu simwondoi mechi inayofuata. Tulicheza mara moja na timu ya kiwanda cha sukari, golikipa wetu akapitishwa mpira katikati ya miguu mara mbili kabla hatujatulia, watu wakaniambia mpeleke mbele huyo, weka mwingine golini. Nikakataa. Baadaye akaokoa mipira ambayo sijui aliionaje, tukashinda, na jioni ile kila niliyekutana naye alinishika mkono. Kichwa kilinivimba mimi. Nilitembea mjini kama aliyeokoa ni mimi.

Katika timu ile alikuwemo mshambuliaji mmoja wa Ambanoro, mtoto wa pekee wa mjane aliyeuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye haya hata ya kuomba pasi, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili yake peke yake. Nilimsomesha Kurani tangu hajaota meno ya pili. Neno langu kwake lilikuwa neno. Nikimwambia kaa, anakaa. Sijapata kumwona akiniuliza kwa nini.

Mwaka ule alifikia umri wa kuitwa. Daktari wa Kifaransa aliwapanga vijana uchi katika ua wa ofisi, akawapima vifua. Waliochaguliwa walikwenda jeshini. Waliobaki hawakuachiwa wakaenda zao. Majina yao yaliingia katika orodha ya pili, ya kazi za serikali, na hao walipelekwa bara kwenye makambi kuchimba reli na kupasua mawe miaka mitatu. Vijana wawili wa Ambanoro walikuwa wamekwenda kabla yake. Mmoja alirudi na homa isiyokwisha, anatetemeka juani. Wa pili hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema kwa nini. Mshambuliaji wangu aliingia orodha ya pili.

Mkuu wa wilaya alikuwa mpenda mpira. Siku moja aliniita ofisini, nikasimama mbele ya meza yake na kofia mkononi. Akaniambia mwisho wa mwaka bwana mkubwa wa serikali atakuja Mahajanga, bandari kubwa ya bara, patakuwa na mechi ya kombe, na Nosy Be itacheza na timu ya wanajeshi wa kule ambao kombe lilikuwa lao tangu mwaka jana. Yeye alikuwa na ubishi na mwenzake wa Mahajanga, alilitaka kombe lile. Orodha ilikuwa pale mezani. Akaweka kidole juu ya jina la yule kijana, akasema nikimletea kombe atalifuta. Nikauliza, na tukitoka sare? Akacheka, akasema sare kombe linabaki lilipo.

Nilikwenda mwenyewe Ambanoro kumwambia mama yake. Ningeweza kutuma mtu, lakini nilitaka kuuona uso wake akisikia. Alikuwa anageuza samaki kwenye kichanja. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye leso yake, akaniambia hana mwingine, na kwamba ananikabidhi mimi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nahodha wetu, beki mmoja mwenye miguu kama nguzo na maneno machache, alinijia faragha kabla hatujaondoka. Alishauri yule kijana asipangwe. Sisi wengine tutamtafutia hilo kombe, alisema, yeye akae ukingoni, maana mtu hawezi kucheza huku anaichezea roho yake mwenyewe. Alisema kweli tupu. Nikamjibu kwamba mimi namwamini, na nahodha akainamisha kichwa akaenda zake.

Ilikuwa Ramadhani, na kipindi cha joto, mvua bado zinajivuta. Tulisafiri juu ya sitaha ya meli ya mizigo. Baharini tulikula na kunywa, kwa kuwa msafiri ana ruhusa na siku atazilipa baadaye. Tukafika Mahajanga Alhamisi asubuhi. Mechi ilikuwa Jumapili, na meli ya kurudi Jumatatu. Wangazija wa mji ule walitupokea kwa furaha, wakatupa ua mmoja wenye vyumba vitatu karibu na msikiti.

Jioni ile vijana wakaniuliza, kesho tunafunga au tunakula? Walikuwa wameketi mikekani wakinitazama, kumi na mmoja wote. Nikakumbuka niliyoyasikia utotoni, kwamba msafiri akinuia kukaa mahali siku nne basi si msafiri tena, amekuwa mkaazi, na funga inamlazimu. Nikahesabu kwa vidole mbele yao: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nne. Nikawaambia tumekwisha kuwa wakaazi, kesho tunafunga.

Imamu wa msikiti ule alikuwa mzee wa Kingazija aliyesoma mpaka vitabu vikamchosha. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye ua wetu. Ningekwenda, ningebisha hodi, ningeuliza, ningerudi kabla chai haijapoa. Sikwenda. Niliona haya kwamba vijana wataniona fundi wao naye anauliza. Haya gani zile! Nikizikumbuka natamani kujizaba kofi.

Tukafunga Ijumaa, tukafunga Jumamosi. Joto la Mahajanga si la Nosy Be. Lile linatoka chini na juu kwa pamoja. Vijana walilala mchana kutwa uani, wakikifuata kivuli cha ukuta kila kilipohama. Mshambuliaji hakuwa akila daku. Alikuwa akimega kidogo, anatafuna, anatafuna, halafu anakirudisha kijiko. Nilimwona. Nikasema moyoni, huyu namjua, siku ikifika ataamka.

Jumapili saa kumi uwanja ulijaa. Upande mmoja Wafaransa chini ya turubai na bwana mkubwa katikati yao, upande mwingine watu wa mji, Wangazija kwa mamia, Wahindi na watoto wao, wote wakitushangilia sisi. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu uliokauka ukawa kama sakafu. Wanajeshi walikuwa vijana wa bara, wengi Wakristo, wameshiba, wamekunywa, viatu vimewakaa. Refa alikuwa afisa wao lakini sitamsingizia, alichezesha kwa haki.

Hata robo saa haijapita, mshambuliaji akapokea mpira begani, akaushusha, akampita mtu mmoja, akaupiga kwa kushoto chini chini ukaingia kando ya mlingoti. Mji ulipiga kelele mpaka farasi wa askari wakashtuka. Hakushangilia. Alinitazama mimi tu, akarudi katikati ya uwanja. Nami nikatazama huku na huku kuona nani ananiona.

Wakati wa mapumziko askari walileta ndoo mbili za maji, moja kwao, moja kwetu, na vipande vya ndimu vinaelea juu. Vijana wangu walikuwa wamejitupa chini. Midomo ilikuwa imewapauka, golikipa ameegemea ndoo kwa mgongo ili apate ubaridi wa bati. Kisha mshambuliaji, yule asiyeuliza kamwe, akaniuliza. Alisema polepole, kwa Kibuki, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosa adabu.

"Fundi, sisi si wasafiri?"

"Tulikuwa wasafiri," nikamwambia. "Sasa ni wakaazi. Lakini sitamchunga mtu. Nakupeni mgongo, anayetaka kunywa na anywe, sitauliza."

Nikageuka. Nikasimama nimewapa mgongo, mikono nimekunja, natazama turubai la Wafaransa, nikahesabu pumzi zangu mpaka refa alipopuliza filimbi. Nilipogeuka, ndimu zilikuwa zinaelea palepale. Hakuna aliyegusa. Wangazija waliokuwa karibu waliona, habari ikazunguka uwanja mzima, watu wakaanza kusoma takbiri. Nilijisikia vizuri mno. Niseme ukweli kwa kuwa ndio nimekaa kuuandika: katika maisha yangu yote sijapata kujisikia vizuri kama pale.

Nusu ya pili ilikuwa adhabu. Miguu iliwaisha. Kijana anaukimbilia mpira, katikati ya njia anaanza kutembea. Winga wetu wa kulia alitapika maji ya njano, akajifuta akaendelea. Hakukuwa na kubadilisha mchezaji siku zile. Walioingia ndio waliomaliza. Wanajeshi walisawazisha kwa kichwa, beki wetu amesimama anatazama, hana nguvu ya kuruka. Mshambuliaji alikamatwa na misuli mara mbili, akalala akishika paja, nahodha akamnyoosha mguu. Mara ya pili alipoinuka alielekea upande usio wake, ikabidi mtu amgeuze kwa mabega.

Zikabaki dakika chache. Mpira mrefu ukapigwa mbele, ukadunda, askari mmoja akaushika kwa mkono ndani ya boksi bila sababu yoyote. Refa akaonyesha penalti. Kelele za watu siwezi kuzieleza.

Nahodha aliuchukua mpira akaukumbatia, akanitazama. Macho yake yalikuwa yanasema, fundi, mimi nina nguvu ya mkwaju mmoja, niache nimpigie. Ningetikisa kichwa tu. Nikanyoosha kidole kwa mshambuliaji.

Kijana akaniona. Akainua kiganja chake mbele ya kifua, kidogo, hivi, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Hapana, fundi. Mimi nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Nikaitikia tena. Kila mtu aliona. Hicho ndicho wanachokisimulia mpaka leo, kwamba katika shida kubwa kabisa fundi alimwamini mtoto aliyekuwa hatarini. Wanasimulia vizuri. Hawajui kwamba wakati kidole kinanyooka nilikuwa nimeshaanza kusikia jinsi watakavyosimulia.

Akauweka mpira. Akarudi nyuma hatua nne, akasimama, akayumba. Alipokimbia, mguu wa kusimamia ulikunjika, na ule wa kushoto ukaugusa mpira tu, haukuupiga. Ukaviringika mpaka kwa golikipa wao, akainama akauokota kwa mkono mmoja. Hakucheka, naye alikuwa mtu. Mshambuliaji aliketi palepale, na mchezo ukaendelea kumpita mpaka ukaisha sare, bao moja kwa moja.

Tulifuturu katika ua wa msikiti. Vijana walikunywa maji, wakanywa, wakanywa. Yule imamu mzee alikuja akakaa kando yangu kwenye ngazi, mbali nao kidogo. Alisikitika kwa ajili yetu, akaniuliza tumefika lini. Nikamwambia Alhamisi. Mnaondoka? Kesho. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba siku ya kuingia mji haihesabiwi, na siku ya kutoka haihesabiwi. Zilizobaki ni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Tatu. Tulikuwa wasafiri muda wote, na kufungua ilikuwa haki yetu. Na hata mkaazi, akizidiwa namna ile, anaruhusiwa kufungua. Akaniuliza nani aliyewaambia vijana wafunge.

"Walitaka wenyewe," nikasema.

Mzee aliwatazama vijana, akawaombea Mungu kwa imani yao, akanipigapiga goti akaingia ndani. Mkononi nilikuwa na tende. Niliila, nikala na nyingine.

Ningeweza kuwaambia pale. Vijana walikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ningeweza kuwaambia melini, siku nzima na usiku wake tukiwa bega kwa bega juu ya sitaha, yule kijana amejifunika shuka mpaka kichwani, wenzake hawajui wamwambie nini. Nahodha alikuja akaketi nami akasema tusimlaumu, jua lilikuwa kali. Nikamwambia ni kweli, jua lilikuwa kali. Mdomo haukufunguka zaidi ya hapo. Kila nilipotaka kusema niliwaona wakinitazama kama walivyonitazama juu ya ile mikeka, nikaogopa kuyaona macho hayo yakibadilika.

Tulipofika nilikwenda kwa mkuu wa wilaya, hilo nalo nalifanya ushahidi wangu ingawa ni ushahidi mdogo. Nikamwambia kijana alifunga bao, nikamwambia walicheza hawajala wala kunywa. Alishangaa. Aliuliza kwa nini wasinywe maji, maji si yalikuwepo? Nikasema ni dini yetu. Akainua mabega, akaniambia karatasi imeshakwenda.

Hakurudi, yule kijana. Alifia kambini mvua za mwaka wa pili, kwa kuhara damu, tuliambiwa na mtu wa Ambanja aliyekuwa naye. Walimzika kando ya reli, na mtu yule alisema alisaliwa na Waislamu wanne. Mama yake aliendelea kuuza samaki palepale, na kila nilipopita alikuwa akinichagulia wazuri. Mwaka mmoja baadaye nilihama, nikatoa sababu ya kazi.

Lakini kinachonikalia kifuani si kufa kwake, maana kufa kulikuwa kwa Mungu na kwa Wafaransa, nami nina fungu langu humo ninalijua. Ni ile asubuhi ya gati, siku waliyosafirishwa vijana wa orodha ya pili. Walikuwa kumi na wanane, wamepangwa wawili wawili, kila mmoja na kibati cha namba shingoni. Askari aliwaruhusu kuagana na watu wao. Yeye alimwacha mama yake kwanza, akaja kwangu. Alikuwa amekonda tangu Mahajanga. Nikajua anakuja kuniuliza, kwamba sasa ameshasikia kwa mtu, au ameshahesabu mwenyewe, na nikaapa moyoni kwamba akiuliza nitamwambia yote, hapohapo, mbele ya mama yake na mbele ya mji.

Akainama akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama alivyokuwa akifanya chuoni.

"Fundi," akasema, "uliniamini na mimi nikakuangusha. Nisamehe."

Watu walikuwa wakitusikiliza. Nikamwekea mkono kichwani nikamwambia nimemsamehe. Na mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kifurushi cha samaki wa njiani, akanishukuru.